Maji Aliyoyaomba Mzee Hudson

Mzee Hudson alikuwa na mdomo. Si mdomo wa kusengenya, ingawa na huo alikuwa nao kidogo. Ni mdomo wa kuomba. Kanisani kwao, kijiji cha kando ya Golbanti, hata mchungaji akija kuhubiri, sala ya kufunga alimwachia yeye, na watu walijiweka sawa kwenye viti wakisubiri. Hudson hakuwa mtu wa kumbembeleza Mungu. Alimwambia. Alitaja jina la mgonjwa, akataja na ugonjwa, na kama mgonjwa alikuwa mkaidi wa kumeza dawa, hilo nalo alilisema, watu wakacheka huku wamefumba macho. Na mambo yalikuwa yakitokea, usiniulize vipi. Mke wa shemeji yake Silas, aliyeambiwa hatazaa, alizaa. Valary, bintiye Hudson mwenyewe, alipata nafasi ya chuo cha ualimu wakati nyumba nzima ilishakata tamaa, na sasa anafundisha sekondari Garsen. Basi ikawa mtu akipata shida anasema, "Ngoja nimpelekee Hudson," kana kwamba anapeleka baiskeli kwa fundi.

Na yeye alipenda. Tuseme ukweli, alipenda mno. Akipita kijijini alitembea polepole makusudi, ili asimamishwe.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye mahindi. Huku Tana, kwa asiyejua, kuna njia zinaitwa malka. Mfugaji akitoka nyikani na ng'ombe wenye kiu hawezi kukatiza mashamba ya watu. Anashuka na malka mpaka mtoni, wanakunywa, anapanda nao na njia ileile. Mkulima halimi malka, mfugaji hatoki malka. Ni makubaliano ya tangu babu na babu, na yalipovunjwa watu walizikana, kwa hiyo hakuna mtu mzima huku anayeweza kusema hakujua.

Lakini mto wetu nao una vituko. Mwaka juzi ulisogea kidogo, ukaacha tope jeusi juu ya malka iliyopakana na shamba la Hudson. Tope nono, la kutamanisha, pua ya mkulima inalijua kabla ya jicho. Hudson alipita siku ya kwanza akalitazama tu. Siku nyingine akainama akalifinya kwa vidole. Kisha akaja na jembe. Alijiambia ni mistari michache tu, pale ukingoni, nani atajali? Ile michache ikaita mingine, mpaka malka ikabaki upana wa kupita mbuzi, na pande zote akaiwekea ua wa miba.

Tamar, mkewe, alimwuliza mara moja tu. "Baba Valary, ile si njia ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wana nyika nzima," akajibu, na hayo yakaisha hapo.

Kiangazi kikaja, kile kikali kilichoua mpaka punda. Ahmednoor alishuka na ng'ombe wake. Huyu alikuwa Msomali mwembamba, ndevu zake amezipaka hina, mtu asiye na kelele. Mkewe, Asli, ndiye aliyekuwa akiuza maziwa pale kijijini kwa kina Hudson, miaka na miaka, hata watoto wa kijiji walikua kwa maziwa yake. Ng'ombe waliposikia harufu ya maji, nani angewazuia? Ng'ombe mwenye kiu hajui ua. Walipita, na mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanabeba. Jua lilipofika utosini hapakuwa na kitu ila mashina.

Ahmednoor alikuja mwenyewe mpaka nyumbani. Alivua viatu mlangoni. Silas alikuwepo, na majirani wawili watatu waliokuja kuona ugomvi.

"Mzee Hudson, pole. Nimeona mahindi. Imeniuma," akasema. "Lakini pale ni malka."

"Pale ni shamba."

"Mzee," Ahmednoor akasema taratibu, "wewe unajua."

Hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa angejibu, na angejibu vizuri, mdomo si alikuwa nao? Lakini kuambiwa unajua, tena mbele za watu, na kweli unajua, utasema nini? Hudson alimtazama yule mtu akivaa viatu vyake na kuondoka, na chuki aliyoisikia siku ile hakuwahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote.

Sasa, kanisani kwao kuna Jumapili ya kuombea mbegu. Kabla mto haujajaa, kila nyumba huleta kikapu cha mbegu ya mpunga na kukiweka mbele ya madhabahu, kisha mtu mmoja anaomba mto upande, uingie bondeni, uloweshe majaruba, usizidi. Mtu huyo, nani mwingine? Hudson akasimama. Akaombea vikapu. Akaombea mto. Angeishia hapo angekuwa mtu mzuri mpaka leo. Lakini macho akiwa ameyafumba aliyaona mashina ya mahindi yake, na sauti ikapanda yenyewe.

"Na wale walioingiza ng'ombe kwenye jasho letu, Baba! Mto ukija, uwakute hukohuko bondeni, wao na ng'ombe wao. Wasijue pa kukimbilia. Wajue shamba lina mwenyewe, na mwenyewe anaye Mungu!"

Loh! Kanisa lilitikisika. "Amina!" Silas akaitikia mara mbili, ya pili amesimama. Hata nje, wale wauza mandazi na maziwa wanaosubiri ibada iishe waligeuka kutazama kuna nini. Watu wakamshika Hudson mkono wakimwambia leo umeomba, mzee, leo umeomba kweli.

Njiani kurudi Tamar alikuwa na kikapu kichwani, hasemi.

"Mbona kimya?" Hudson akamwuliza.

"Jua," akasema Tamar.

Kisha mvua zikanyesha huko bara, zikanyesha kama zimetumwa, na mto ukaja. Haukuingia bondeni tu. Uliingia majaruba, ukaingia mashamba, ukaingia jikoni. Watu walibeba magodoro, kuku na mbegu zao, wakahamia juu ya tuta la barabara upande wa Garsen, chini ya maturubai. Nyumba ya Hudson ya udongo ililegea mchana kweupe ikakaa chini yeye akitazama.

Na nitakuambia jambo moja ambalo yeye hakumwambia mtu. Mto ulipokuwa unakuja, kabla haujagusa nyumba yake, alipousikia tu ukinguruma, kitu cha kwanza alichohisi moyoni kilikuwa furaha. Alisema, umekuja. Kisha ndipo akaanza kukimbia.

Habari za Ahmednoor zilifika na watu wa mtumbwi. Nyika ilikuwa haijaota majani, bondeni palikuwa bado na nyasi kidogo, kwa hiyo alikuwa amewashusha ng'ombe wake huko. Mto ulimkuta hukohuko. Mizoga ilionekana ikipita chini ya daraja, matumbo juu. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwona. Pale kwenye tuta watu waliposikia, walinyamaza. Hakuna aliyemtazama Hudson, na kule kutotazamwa, baada ya miaka yote ya kutazamwa, kulimfanya atamani kuingia chini ya turubai asitoke.

Valary alifika mchana huo kutoka Garsen na unga na majani ya chai. Alikuwa ameshasikia, maneno kama yale hayakai kijijini. Alimmiminia babake chai, akakaa naye kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Baba, usijisumbue. Hiyo mvua ilitangazwa redioni kabla hujaomba. Mawingu yalikuwa yameshaanza safari baharini kabla hujafungua mdomo. Ungeomba usingeomba, yangekuja."

Hudson akaisikia pumzi ikimrudia. Akanywa chai. Akanywa tena. Halafu, kwa kuwa hakuwa mjinga, akaliona lile shimo alilokuwa analiendea.

"Na ile nafasi yako ya chuo?"

Valary akatazama kikombe chake. "Baba, nilifaulu."

"Ulifaulu."

"Nilisoma, nikafaulu. Ulipokuwa unaniombea, karatasi zilikuwa zimeshasahihishwa."

"Na mke wa Silas?"

"Baba, tuache."

Lakini yatakuachaje? Kama Mungu alimsikia siku ile, basi alimzamisha mtu kwa sababu ya mahindi ambayo hayakuwa na haki ya kuota pale. Kama hakumsikia, basi miaka yote hii Hudson alikuwa akipaza sauti kwenye nyumba isiyo na mtu, akipokea shukrani zisizo zake. Hapakuwa na mlango wa tatu. Alichokitaka hasa, alijikuta akikitaka, ni kwamba Mungu awe amemsikia kila alipoomba vizuri, na siku ile moja awe ameziba masikio. Alipoligundua wazo hilo kichwani mwake alisikia uso unamwaka. Hata mtoto mdogo hawezi kumwomba mamake jambo la kipuuzi hivyo.

"Sasa tunaomba nini sisi?" akauliza. "Kama Mungu anajua kila kitu na ni mwema, si atafanya tu lililo jema? Mimi nasimama pale kumkumbusha nini?"

Valary alifikiri. Alikuwa mwalimu, hakupenda kujibu hovyo. "Labda hatuombi ili yeye ajue. Labda tunaomba ili sisi wenyewe tujue tunataka nini."

"Basi siku ile nilijua," akasema Hudson.

Hakuna chai iliyonyweka tena.

Asli aliwakuta hivyohivyo. Alikuja na barabara kutoka Garsen, alikokuwa kwa ndugu zake na watoto, kaptura za mtoto mmoja zimening'inia begani mwake, nadhani hata hakujua amezibeba. Watu wakampisha. Alipita katikati ya maturubai moja kwa moja mpaka mbele ya Hudson.

"Mzee Hudson. Mume wangu yuko ndani ya maji. Watu wa serikali wanasema boti itakuja. Boti haijaja. Nimekuja uniombee."

Hudson akasimama kwa shida. "Mama, nyinyi mna masheikh wenu."

"Wameomba. Sasa omba wewe. Omba kama unavyoomba kanisani kwenu, kwa nguvu ileile."

Watu walishaanza kusogea. Kina mama wakavua kanga mabegani wakajifunika kichwa. Silas akavua kofia, akaangalia vidole vyake vya miguu. Hudson akainua mikono kama alivyozoea, akafungua kinywa. "Baba yetu," akasema. Na hapo maneno yakakatika. Alijaribu tena. Kila neno alilolishika lilikuwa limeshatumika, lilikuwa na harufu ya ile Jumapili. Mama mmoja nyuma akadhani Roho amemshukia, akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, na Hudson akasimama katikati ya wimbo ule mikono juu, jasho linamtiririka, akiona aibu mpaka kwenye nyayo. Alingoja wamalize.

"Bwana," akasema, sauti ndogo isiyokuwa yake, "huyu mama anamtaka mumewe."

Basi. Watu wakasubiri mengine, hayakuja. Hudson akashusha mikono, akamgeukia Silas. "Lete pondo. Tunaenda."

"Kwenda wapi? Shemeji, maji yale yana viboko! Yana mamba! Wewe umri wako..."

"Uliitikia mara mbili," akasema Hudson. "Nilikusikia. Lete pondo."

Silas akaleta pondo.

Mtumbwi ulipita juu ya mashamba waliyokuwa wakiyalima. Hapa ilikuwa migomba ya fulani, pale mwembe wa fulani umebaki kilele, nyoka wamejisokota kwenye matawi wakiwatazama. Silas alisukuma pondo nyuma, Hudson akapiga kafi mbele. Na muda wote ule mdomo wa Hudson ulikuwa unakwenda wenyewe: awe hai, awe hai, awe hai. Akili ilimwambia, wewe mzee, huyo mtu saa hizi ama yu hai ama amekufa. Limeshatokea. Unaombea karatasi iliyokwisha kusahihishwa. Alijua hivyo, na mdomo haukusimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba bila mtu wa kumsikia akiomba vizuri. Silas alikuwa nyuma, akihema na kulaani mbu.

Walipokaribia pale lilipokuwa shamba lake ndipo alipowaona ng'ombe.

Ng'ombe wanajua njia yao. Maji yalipopanda bondeni walikuwa wamekimbilia malka, ileile waliyozoea tangu ndama, inayopanda mpaka nchi ya juu. Na malka ilikuwa imebanwa. Ua wa miba wa Hudson ulikuwa umesimama imara, alikuwa ameusuka upya, tena vizuri, baada ya mahindi kuliwa, na wale wa mbele walipokwama wa nyuma waliwapanda. Walikuwa bado pale, wamerundikana, mmoja pembe imenasa kwenye miba, kunguru juu yake. Silas aliacha kusukuma. Hudson alitazama kazi ya mikono yake. Mungu alikuwa hahitaji kusikia sala yoyote. Alichokiomba kanisani alikuwa ameshakijenga mwenyewe, kwa panga lake, miezi mingi nyuma.

"Usimwambie mtu," akanong'ona Silas, na hakujulikana anamwombea nani.

Walimpata Ahmednoor mbele kidogo, juu ya ukingo wa zamani wa mto ambao ulibaki nje kama mgongo wa kiboko. Alikuwa na ndama wawili amewakumbatia huku na huku, midomo imepasuka, macho mekundu. Alipouona mtumbwi hakupunga mkono. Alisema tu, "Alhamdulillahi."

Wakampakia, na ndama mmoja mmoja wakapakiwa, wakafungwa miguu. Hudson akampa maji ya kunywa, kisha akachukua kafi, akageuka kutazama mbele ili asitazamane naye. Wakarudi kwa kuipita ile malka. Ahmednoor aliitazama yote, hakuyakwepesha macho. Kisha akaanza kulia, mtu mzima yule, ndevu zake zile za hina.

"Mzee Hudson," akasema. "Nyumba yako imeanguka?"

"Imeanguka."

"Na mpunga?"

"Umekwenda."

"Nisamehe, mzee wangu. Ni sisi. Kiangazi kile tulitoka kwenda uwanjani Garsen, wanaume, wanawake, watoto, mpaka wazee wa kubebwa, tukaswali kuomba mvua. Mimi niliomba zaidi ya wote. Niliona ng'ombe wanakufa, nikasema, Ya Allah, leta maji, leta mengi, usitupimie. Wallahi nilisema hivyo, usitupimie. Sikuwafikiria nyinyi wa mtoni. Sasa angalia. Nisamehe."

Hebu nawe jiweke pale. Mtu yuko nyuma yako kwenye mtumbwi, umemwulia ng'ombe wake, umemwombea kifo kwa jina la Mungu, na yeye anakuomba radhi. Maneno yako kinywani. Ni machache, ni mepesi, na hakuna wa kuyasikia ila yeye na Silas. Hudson alifungua kinywa.

"Nimeshakusamehe," akasema.

Silas alikohoa. Pondo likaingia majini, likatoka. Ahmednoor akamshika Hudson begani kwa nyuma, akalibana lile bega kwa shukrani, asiliachie mpaka karibu na tuta.

Basi ukaona shangwe! Watu walipowaona watatu mtumbwini walipiga vigelegele. "Sala ya Hudson! Maneno matano tu, mtu amerudi!" Walionyamaza asubuhi sasa walimshika mkono tena, na wengi walishika kwa nguvu kupita kawaida, kwa sababu mtu akiwa hai, basi ile Amina yao ya Jumapili ile inaweza kusahaulika. Hudson alipita katikati yao, akaenda nyuma ya turubai akatapika. Tamar alimletea maji ya kusukutua.

Alivumilia mpaka kesho yake. Asubuhi alimkuta Asli peke yake pembeni mwa tuta akiwapa wale ndama maziwa ya unga kwenye kidumu kilichokatwa. Ahmednoor alikuwa bado amelala kwa ndugu za mkewe. Hudson akachuchumaa, mzee mzima, akasema yote. Ile sala akairudia neno kwa neno, kwa kuwa alitaka aisikie mbaya kama ilivyokuwa.

Asli hakuacha kunywesha ndama. "Nilikuwa mlangoni," akasema.

"Mlangoni wapi?"

"Mlangoni kwa kanisa lenu. Na maziwa yangu. Kila Jumapili si niko pale? Nilisikia yote. Nilisikia na Amina. Sauti za wateja wangu nazijua, mzee, naweza kukuhesabia moja moja. Sauti ya Mama Valary niliitafuta. Haikuwepo."

Hudson alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. "Ulijua. Na bado ukaja kwangu?"

"Ningeenda kwa nani? Wewe ndiye uliyesema azame. Nilitaka wewe ndiye useme arudi. Nilitaka ukitazame kinywa chako mwenyewe." Akamfuta ndama pua. "Kama Mungu alikusikia ama hakukusikia, hiyo mimi sijui, hiyo iache kwake. Maji ni yake. Miba ni yako. Ahmednoor ameniambia ng'ombe wamefia wapi."

"Nitamwambia. Leo. Nitamwambia ile sala."

"Hapana."

"Asli, lazima..."

"Hapana!" Na hapo ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza, na Hudson akatamani angeendelea kutazama ndama. "Jana amelala akicheka, unajua? Ng'ombe wake wote wamekufa, na anacheka, anasema, Mzee Hudson ameniombea, Mzee Hudson amekuja na mtumbwi, nimemwomba msamaha na amenipa. Ulimpa msamaha, mzee. Uliutoa wapi sijui, lakini ulimpa. Sasa unataka kumnyang'anya ili wewe ulale? Hutamnyang'anya. Hicho kibebe mwenyewe."

Hudson akajaribu kuinuka. Aliyekosewa ndiye aliyemsaidia kusimama.

Maji yalipopungua, kabla hajajenga hata jiko, Hudson alikwenda kwenye malka na panga. Silas alimkuta anang'oa miba, mikono inatoka damu, akasimama akamtazama, kisha akainama naye. Watu waliopita waliona, na wengine nao walikuwa na mistari yao michache kwenye malka nyingine. Walipita haraka.

Jumapili ya shukrani kanisa lilikuwa bado linanuka tope, alama ya maji imekata ukuta juu ya madirisha. Mchungaji alihubiri kwa kifupi, akasema sote tunajua nani atatufungia kwa sala. Watu wakajiweka sawa. Hudson akasimama, na aliposimama ndipo alipomwona Ahmednoor mlangoni, kofia yake safi, amekuja kushukuru. Amesimama palepale wanaposimama wauza maziwa. Asli alikuwa nyuma yake na kidumu.

Hudson alifumba macho. Safari hii hakumwambia Mungu jambo. Alisimama muda mrefu hata watoto wakaanza kugeuka.

"Utuhurumie, Bwana," akasema hatimaye, "sisi tulioomba yale maji."

Akanyamaza, akingoja Amina. Haikuja. Silas alikuwa ameinamisha kichwa. Tamar alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Kanisa zima, wale wote waliotikisa paa siku ile, hakuna aliyethubutu, kwa sababu kila mmoja alijua ni yeye anayesemwa.

Ndipo kutoka mlangoni, peke yake, kwa sauti nzito ya mtu anayelia, Ahmednoor akaitikia, "Amin." Alidhani ni yeye.